Nguva wa kiume wa Kaskazini: nani anafaa hadithi yako?

Mwandishi au mchoraji akitafuta kiumbe wa baharini, wa kwanza kumjia kichwani ni nguva mwanamke: nywele ndefu, kioo mkononi, wimbo wa kuwapoteza mabaharia. Ametumika mpaka amechakaa. Kaskazini ya Ulaya wapo wenzake wa kiume ambao wasomaji wetu wengi hawajawahi kukutana nao, na hao hawafanani hata wao kwa wao. Mmoja hunaswa kwa ndoana, tena mkaidi. Mwingine husimama wima juu ya maji, hana mikono. Wa tatu ni maiti. Wa nne ameachwa na mke.

Nawalinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kumchukua mmoja akamtia katika hadithi ya watoto, mchezo wa redio, katuni, au simulizi ya kusoma darasani. Wengi huchagua kiumbe kwa kutazama sura. Kwa hawa wa Kaskazini sura ni jambo dogo, na mara nyingi masimulizi yenyewe hayaielezi. Kinachowatenganisha ni swali jingine: nani anajua yatakayotokea, na je, atakubali kuyasema?

Marbendill

Huyu ni wa Aisilandi, na ndiye ninayempendelea. Heri niseme mapema kuliko kujifanya sina upande.

Marbendill, ambaye maandishi ya kale humwita marmennill, huishi chini kabisa, kwenye sakafu ya bahari, wala haji juu kwa hiari yake. Ukimwona, ujue kuna mvuvi amemvuta. Kwa hiyo kisa chake huanza na dhuluma: yeye ni mateka, binadamu ndiye aliyemteka. Na mateka huyo ana habari ambazo mtekaji anazitaka.

Kisa chake kimoja kimo katika Landnámabók, kitabu kinachoeleza jinsi watu walivyohamia Aisilandi kuanzia karne ya 9, na ambacho tunacho kwa matoleo yaliyoandikwa kuanzia karne ya 13. Mtu aitwaye Grímr alitoka kuvua na watumishi wake wakati wa vuli katika ghuba ya Steingrímsfjörður. Mwanawe Þórir, bado mdogo, alilazwa gubetini ndani ya mfuko wa ngozi ya sili uliofungwa shingoni. Grímr akavuta mshipi, akapata marmennill. Akamuuliza: maisha yetu yatakuwaje, yatakuwa marefu kiasi gani, na tutalowea wapi katika nchi hii? Yule akajibu kwamba wao hawana haja ya kutabiriwa. Ila huyo kijana aliye mfukoni, huyo atalowea mahali ambapo farasi wenu jike, Skálm, atalala chini na mzigo wake mgongoni. Hawakupata neno jingine kutoka kwake.

Majira ya baridi yaleyale Grímr na watu wake wakatoka tena kuvua, safari hii mtoto akiwa amebaki nchi kavu. Wakafa maji wote.

Rudi sasa kwenye lile jibu. Baba aliambiwa kifo chake usoni, na hakusikia, kwa sababu aliyekitaja alikitaja kwa kuruka. Mjane, Bergdís, akaondoka na mwanawe kumfuata Skálm, na mnyama hakulala safari nzima. Wakakaa majira ya baridi mahali palipoitwa baadaye Skálmarnes. Kiangazi kilichofuata wakageuka kusini, wakavuka nyika, wakateremka Borgarfjörður penye vilima viwili vyekundu vya mchanga. Chini ya kile cha magharibi, Skálm akalala na mzigo wake. Þórir akatwaa ardhi hiyo na akaja kuwa mkubwa wa eneo lile.

Msimuliaji akinyamaza kidogo tu baada ya jibu la marmennill, wasikilizaji wepesi watahesabu wenyewe nani ametajwa na nani hakutajwa. Hao wengine nitakaowaeleza hawana zawadi kama hiyo.

Kisa cha pili ni cha kuchekesha, angalau mwanzoni. Jón Árnason alikitia katika mkusanyo wake mkubwa wa ngano za Aisilandi uliochapishwa Leipzig kati ya 1862 na 1864. Mkulima wa Vogar, kusini-magharibi mwa nchi, anamvua marbendill na kurudi naye pwani. Mbwa wake anakuja mbio kumlaki na kumrukia, mkulima anampiga. Marbendill anacheka. Mbele kidogo mkulima anajikwaa kwenye kichuguu chenye nyasi, anakilaani. Marbendill anacheka tena. Nyumbani mkewe anampokea kwa bashasha tele, naye mume anafurahi kupokewa hivyo. Cheko la tatu.

Mkulima anataka kujua kunachekwa nini. Mateka anakataa kusema mpaka apewe ahadi ya kurudishwa palepale alipovuliwa. Akishapewa, anafungua kinywa: umempiga mbwa aliyekupenda kwa moyo wake wote, umelaani kichuguu kilichofunika mali, na umemkumbatia mke anayekuhadaa. Mkulima anaenda kuchimba kichuguu kwanza. Mali ipo. Hapo hana njia ya kulikataa lile la tatu, na msimuliaji hahitaji kumsukuma. Maneno "Þá hló marbendill", yaani ndipo marbendill alipocheka, yamebaki kuwa msemo katika lugha yao.

Ahadi inatimizwa, marbendill anarudishwa baharini. Baadaye ng'ombe saba wa rangi ya kijivu wanapanda ufukoni karibu na shamba, kila mmoja ana kibofu puani. Kibofu cha mmoja kinapasuliwa, naye anakamatwa; wengine wanaponyoka na kurudi majini. Yule aliyebaki akawa chimbuko la uzao mzuri wa ng'ombe wa kijivu. Hiki kipande cha mwisho watoto hukipenda sana kwa sababu hakina maelezo.

Cheko hilohilo limo pia katika saga ya Hálfr, yaani simulizi ndefu ya kale, inayohusu wafalme wa Norwe. Baba na mwanawe wanamvua marmennill na kumpelekea mfalme Hjörleifr. Hasemi kitu. Usiku mmoja kinywaji kinamwagwa, mfalme anampiga mkewe Hildr, kisha mbwa, na marmennill anacheka: umefanya upumbavu, waliopigwa ndio watakaokuokoa. Njiani kurudishwa baharini anatamka beti za vita vinavyokuja. Anapokaribia kutumbukia, mtu mmoja anamuuliza, ni kitu gani bora kwa binadamu? Anajibu kwa ubeti: maji baridi kwa macho, nyama kwa meno, kitani kwa mwili, nirudisheni baharini. Mtu wa vilindini, anayeijua kesho, anaombwa hekima kubwa anajibu kwa nguo na nyama. Mimi sijachoka kuicheka.

Kasoro yake? Mchoraji atalia. Visa hivi havisemi ana mkia au hana, ana magamba au ngozi. Utalazimika kumbuni mwenyewe, na ukimpa mkia wa samaki wa kawaida utakuwa umemrudisha kwenye kundi ulilokuwa unalikimbia.

Hafstrambur

Mchoraji huyo aje huku. Konungs skuggsjá ni kitabu cha Norwe cha katikati ya karne ya 13, kilichoandikwa kama mazungumzo ya baba na mwana. Baba anamweleza mwana ajabu za bahari ya Greenland, na mojawapo ni kiumbe mrefu anayeinuka wima kutoka majini. Ana mabega, shingo, kichwa, macho, mdomo, pua na kidevu kama mtu. Juu ya nyusi amechongoka kama aliyevaa kofia ya chuma. Mikono hana. Kuanzia mabegani kwenda chini anazidi kuwa mwembamba, na hakuna aliyewahi kuona ncha yake ya chini imekaaje. Umbo lote, kinasema kitabu, lilionekana kama nguzo ya barafu.

Hatoi sauti. Anatokea, na baada yake huja dhoruba. Mabaharia humtazama anavyozama: akigeukia chombo na kuzama upande wake, watu watakufa, akizama kuelekea kwingine, dhoruba itakuja lakini wana matumaini ya kuokoka. Kitabu kinamtaja na mwenzake wa kike, margýgr, mwenye viganja vikubwa vilivyoungana kwa ngozi, ambaye hucheza na samaki: akiwarusha kuelekea chomboni ni ishara mbaya, akiwala au kuwarusha mbali ni ishara njema.

Kwa hiyo hafstrambur naye anajua, ila hazungumzi wala hatoi bei. Huwezi kumteka, kumbembeleza, kumdanganya. Kwa mtunzi hilo ni tatizo: baada ya picha moja kali, hakuna la kufanya naye. Mtumie kufungua katuni au filamu, ukurasa mmoja wenye bahari tupu na kile kitu kimesimama kwa mbali. Usimpe mazungumzo, ukimpa, umemuua.

Kwa wapenda sayansi ana ziada. Mwaka 1981 Waldemar Lehn wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, na mwenzake Schroeder waliandika katika jarida la Nature kwamba waandishi wa zamani hawakuwa waongo: waliona mazigazi. Hewa ya joto ikitanda juu ya hewa baridi iliyogusa maji, mwanga hupinda, na kitu kifupi kama kichwa cha walrasi au cha nyangumi muuaji huonekana kimevutwa kwenda juu kama nguzo. Na hewa ya namna hiyo huweza kutangulia dhoruba. Mwalimu anaweza kuisoma habari ya hafstrambur kipindi cha fasihi na kuirudia kipindi cha fizikia.

Draug

Wengine watasema draug si nguva, na wana haki: ni mtu aliyekufa maji asizikwe. Namweka humu kwa sababu wavuvi wa kaskazini mwa Norwe walimkuta katika maji yaleyale, na kwa sababu ukitaka hadithi ya kutisha, hao wengine wote hawamfikii. Anavaa nguo za uvuvi za ngozi. Mahali pa kichwa huwa na fungu la mwani. Anapiga makasia katika nusu ya mashua, na ukelele wake ni habari ya kifo. Theodor Kittelsen, mchoraji wa Norwe aliyefariki mwaka 1914, alimchora, na ukiitazama picha yake utaelewa kwa nini wengi baada yake wameiga.

Kisa chake kinachosimuliwa sana ni cha usiku wa Krismasi. Kijana anatumwa banda la mashua kuleta pombe, anamkuta draug ameketi, anamsukumia baharini. Wanatoka wengi kumkimbiza. Anapitia makaburini akiwaita wafu wa nchi kavu waamke wamsaidie. Asubuhi makaburi yametapakaa mwani na mbao za majeneza. Wafu wa kanisani wamepigana na wafu wa bahari! Kama wewe ni mtayarishaji wa mchezo wa kompyuta, sijui unasubiri nini.

Aisilandi ina jamaa yake aliye mpole zaidi, na kwa maoni yangu anaogofya kwa sababu hiyohiyo. Katika Eyrbyggja saga, Þóroddr wa Fróðá anazama na watu wake, miili haipatikani. Wanafanyiwa matanga. Jioni ya kwanza waliozama wanaingia wenyewe, nguo zinachuruzika maji. Wageni wanafurahi, kwa kuwa iliaminika kwamba waliozama wakija kwenye matanga yao, basi Rán, mungu wa kike wa bahari, amewapokea vizuri. Wafu wanaketi kando ya moto bila kuitikia salamu mpaka moto unafifia, kisha wanaondoka. Matanga yanaisha, wao hawaishi kuja. Dawa iliyopatikana ni ya ajabu kuliko upanga wowote: baraza la sheria linafunguliwa mlangoni pa nyumba, wafu wanashtakiwa kwa kuingia bila ruhusa na kuwanyima watu afya na uhai, mashahidi wanaitwa, hukumu inasomwa mmoja mmoja. Kila aliyehukumiwa anainuka kwa shingo upande na kutoka. Mwandishi wa vichekesho vya ofisini na mwandishi wa hadithi za kutisha wote wawili wangeweza kukipigania kisa hiki.

Draug hajui kesho kwa ajili yako. Yeye mwenyewe ndiye kesho yako. Ndiyo maana hafai kwa watoto wadogo, na pia hafai kwa hadithi yenye mapatano. Ukitaka mapatano na mtu wa maji wa Norwe, kipo kisa chepesi cha mvuvi anayemwonea huruma kiumbe wa baharini anayetetemeka kwa baridi na kumpa glavu yake ya sufu. Baadaye anasikia sauti ikimwonya, wewe uliyenipa glavu, rudi pwani, dhoruba inakuja. Anarudi, wengine wanapotea.

Wawili wa haraka

Havmand wa Denmaki anajulikana kwa wimbo wa kale wa Agnete. Anamchukua binti huyo chini ya bahari, wanakaa miaka minane, wanazaa wana saba. Siku moja Agnete anasikia kengele za kanisa, anaomba ruhusa akasali, na akifika hataki kurudi. Havmand anamfuata hadi kanisani, na sanamu zinampa kisogo. Hajui kesho hata kidogo. Ni mume aliyeachwa na watoto. Kwa hadithi ya mapenzi hana mshindani. Copenhagen imemwekea sanamu za shaba chini ya maji ya mfereji mwaka 1992, kazi ya Suste Bonnén: baba na wana saba wakinyoosha mikono juu. Onyo moja tu: kisa kimeshafanyiwa kazi na washairi na wanamuziki wengi, kwa hiyo ukikigusa utalinganishwa.

Marmennil wa visiwa vya Faroe ni mdogo wa umbo na mchokozi. Huwanasishia wavuvi mishipi yao chini ya bahari. Anfinnur wa Elduvík alimkamata mmoja akawa anakwenda naye kuvua. Wakipita juu ya samaki wengi, kiumbe anacheka, na akichovya kidole majini samaki ni wengi mno. Sharti lilikuwa kumfanyia ishara ya msalaba kila anapoingia mashuani. Siku Anfinnur aliposahau, akaruka, akaenda zake. Dakika tano za kusimulia, darasa la kwanza wataelewa.

Sasa, uchague

Kama kazi yako ni ya sauti, yaani redio, podikasti au kusimulia mbele ya watu, marbendill. Cheko ni sauti, na masikio hulisubiri la pili na la tatu. Kama ni ya macho, hafstrambur kwa picha moja au draug kwa kitabu kizima. Hadithi ya familia iliyovunjika ni ya havmand, ingawa ningependa kuona mtu akiisimulia kwa upande wa wale wana saba, ambao wimbo unawaacha majini. Anayependa mtindo wa ripoti ya polisi atazame Denmaki ya 1723: wavushaji watatu walitoa ushahidi wa kiapo kuhusu mtu wa baharini mzee mwenye mabega mapana, nywele fupi nyeusi na macho yaliyozama ndani, na askofu Erik Pontoppidan akaingiza habari hiyo katika kitabu chake cha maumbile ya Norwe kama jambo la kuchunguzwa kwa makini.

Ningemshauri mtu asimhamishie yeyote kati yao Bahari ya Hindi. Baridi ndiyo inayowaendesha. Ukiondoa mfuko wa ngozi ya sili, glavu ya sufu, moto wa matanga na hewa baridi juu ya maji, unabaki na jini wa baharini, na majini ya pwani tunayo ya kutosha yenye tabia zao wenyewe. Waache Kaskazini, na majina uyaache yalivyo. Yanatamkika kwetu kuliko kwa Wazungu wengi: Þ ni "th" ya thelathini, ð ni "dh" ya dhahabu.

Kuhusu haki, visa vya saga na vya Jón Árnason, aliyefariki mwaka 1888, havina mwenyewe wa kumwomba ruhusa. Tafsiri za kisasa zina wenyewe, kwa hiyo simulia kwa maneno yako.

Na ukimchagua marbendill wa Vogar kwa watoto, jihadhari na sehemu moja niliyoiruka. Kabla ya kuachiliwa, mkulima anamwomba siri ya zana nzuri za uvuvi, naye anamtajia chuma cha kufulia ndoana, jasho la farasi la kuikazia, na aina za chambo. Katika orodha ya chambo imo nyama ya binadamu. Kwa watu wazima iache ilivyo, uisome bila kubadili sauti. Kwa darasa la pili, ruka uende kwa ng'ombe.